Daftari la Majina Lisilale Ng'ambo

Mtu wa Unguja akitajiwa Ng'ambo, mawazo yake huvuka Darajani na kwenda Kikwajuni, Miembeni na Magomeni, ule upande wa pili wa mji uliotengwa zamani na Mji Mkongwe kwa hori la maji ya chumvi. Mtu wa Tabora akitajiwa neno hilo hilo, yeye huiwaza kata iliyomo katika Manispaa yake, mbali kabisa na bahari. Na mzee yeyote, awe wa huku au wa huko, akisema kwamba kijana wake yuko ng'ambo, hapana atakayekwenda kumtafuta Magomeni wala Tabora. Kila mtu ataelewa kuwa kijana yuko Ulaya, Marekani au Arabuni. Neno ni moja, mahali ni patatu. Mwenye kuandika anwani asipotaja ni Ng'ambo ya wapi, barua yake itazunguka hadi ichakae.

Tumeanza na neno hili kwa sababu jambo tunalokusudia kulisema leo ni la majina, na la nani aliyekabidhiwa daftari la majina hayo. Karibu kila ofisi ya Serikali, kila hospitali kubwa, kila chuo na kila halmashauri siku hizi ina jina lake katika intaneti. Kwa kupitia jina hilo mwananchi hulipia kiwanja, hutazama matokeo ya mtihani ya mwanawe, huomba leseni na cheti cha kuzaliwa. Jina likipotea, ofisi imefungwa, hata kama milango iko wazi na watumishi wote wamekaa mezani. Kwa hiyo hili si jambo la mafundi peke yao. Ni jambo la utawala, na ndiyo maana tunawaandikia watawala, na pamoja nao wananchi wa Visiwani, ambao hufikiwa mwisho na kila kitu kinachotoka mbali, na hukikosa mwanzo pindi kinapokatika.

Kompyuta haijui majina, inajua namba. Mwananchi akiandika tabora.go.tz katika simu yake, lazima apatikane wa kuligeuza jina hilo kuwa namba ya mashine inayotafutwa. Zamani, intaneti ilipokuwa bado mchanga, daftari lilikuwa moja tu, likiwekwa katika taasisi ya utafiti ya Stanford huko California. Aliyetaka jina lake liingizwe alipeleka maombi kule, na kila kompyuta ilinakili daftari zima. Mashine zilipoongezeka, daftari likanenepa, nakala zikawa hazilingani, na karani akazidiwa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni utaratibu tunaoutumia mpaka leo: aliligawa daftari. Badala ya karani mmoja wa dunia nzima, kila ngazi ikapata karani wake, na karani wa juu hana haja ya kujua lolote ila anwani ya karani aliye chini yake.

Jina husomwa kutoka mwisho. Karani mkuu wa dunia huulizwa kuhusu tz, naye hujibu: waulize wale wanaoliweka daftari la Tanzania. Hao huulizwa kuhusu go, fungu la ofisi za Serikali, nao huelekeza kunakostahili. Mwisho huulizwa aliyeandikisha tabora, na huyo ndiye mwenye jibu. Kwa utaratibu huu, chuo cha suza.ac.tz cha Zanzibar na ofisi ya mkoa iliyo Tabora hazigongani, kama Ng'ambo ya Unguja isivyogombana na Ng'ambo ya Tabora ilimradi kila moja itajwe pamoja na mji wake. Wale tuliokaa chuoni tukiwa watoto, msahafu magotini, tunaielewa upesi tabia hii ya kumpokea mtu neno kwa kuwa tunamjua aliyempa, na aliyempa aliyempa. Ni isnadi. Tangu mwaka 2010 ngazi ya juu kabisa ya isnadi hii hutiwa sahihi kwa hesabu za siri, ili mwongo asiweze kujipenyeza katikati na kujidai kuwa ndiye karani.

Wataalamu wetu wameliita eneo la jina kuwa ni kikoa. Watu wa Visiwani wanalijua neno hilo tangu zamani: kula kikoa ni kula kwa shirika, leo kwangu kesho kwako, kila mmoja na zamu yake ya kupika. Hata kama waliolichagua hawakuikusudia karamu, sisi tunaona neno limeangukia pema, kwani asiyepika siku ya zamu yake huwalaza wenzake na njaa.

Sasa tufike penye kiini. Lau kila swali lingelazimika kupanda ngazi zote hizo kila mara mtu anapogusa simu, intaneti ingekwama. Kwa hiyo njiani pamewekwa akiba. Mashine ya kampuni ya simu inayomuulizia mwananchi, ikishapata jibu mara moja, hulihifadhi, na atakayeuliza baadaye hupewa lililohifadhiwa. Lakini jibu halihifadhiwi milele. Mwenye jina huandika kando ya kila jibu muhula wake kwa sekunde: sekunde 86,400 ni siku nzima, 3,600 ni saa moja, 300 ni dakika tano. Muhula ukiisha, jibu hutupwa na swali hupelekwa upya kwa mwenyewe.

Watu wa Tabora hawana haja ya kufundishwa maana ya akiba ya njiani, kwa maana mji wao ulikua kwa kazi hiyo. Msafara ulioondoka Bagamoyo kuelekea Ujiji haukuweza kubeba mahitaji yote ya kwenda na kurudi. Bidhaa ziliwekwa Unyanyembe, posho ikanunuliwa pale, wapagazi wakabadilishwa pale, na wafanyabiashara waliotoka Unguja wakajenga nyumba zao pale. Njia ile ilipitisha pembe na nguo. Ilipitisha pia binadamu wenzetu minyororoni, na hatuwezi kuitaja bila ya kulikumbuka hilo. Lakini kwa upande wa hesabu ya safari, ukweli unabaki kwamba bila ya ghala la Tabora, bara lote la magharibi lingekuwa mbali maradufu na pwani.

Na ni hapo hapo njiani palipoonekana hatari ya akiba. Burton na Speke walipofika mwezi Novemba 1857 waliuandika mji kwa jina la Kazeh, na jina hilo likaendelea kukaa katika ramani za Ulaya wakati wenyeji na misafara wanasema Tabora. Aliyetegemea ramani alikuwa na jibu, ila jibu lililochacha. Naye Livingstone alipofika Ujiji mwezi Oktoba 1871, amechoka na mgonjwa, alitegemea kukuta bidhaa alizopelekewa kutoka Unguja. Akakuta aliyekabidhiwa amekwisha kuziuza zote. Ghala lilikuwapo, hesabu ya vitabu ilikuwapo, mali haikuwapo. Mwaka uliofuata ilimbidi akae Unyanyembe kuanzia Februari hadi Agosti 1872, akiwangojea wapagazi ambao Stanley aliwapeleka kutoka pwani.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo katika majina ya intaneti pia. Akiba humwokoa mtu wa mwisho wa njia, na akiba hiyo hiyo humpoteza, kutegemea aliyeandika muhula ameandika nini, na kama alikumbuka kuubadilisha kwa wakati wake.

Chukua mfano wa ofisi inayohamisha tovuti yake kutoka mashine ya zamani kwenda mpya. Jina linabaki lile lile, namba inabadilika. Ikiwa muhula ulioandikwa ni siku nzima, mtu aliyeuliza jana jioni ataendelea kupelekwa kwenye mashine ya zamani hadi leo jioni, na hapana wa kumwamuru asahau, kwa sababu jibu limo katika mashine ya kampuni ya simu, si katika mashine ya ofisi. Fundi Dodoma anafungua na kuona tovuti mpya, anapiga simu kwa mkubwa wake kusema kazi imekwisha. Mwananchi wa Wete au wa Urambo anafungua na kuona nyumba tupu. Wote wawili wanasema kweli. Ubishi unaofuata, wa ofisi kusema mbona kwetu inafunguka, tumeusikia mara nyingi mno, na kila mara anayeambiwa kuwa hajui kutumia simu ni mwananchi.

Dawa yake ni ndogo, nayo haihitaji fedha. Siku moja au mbili kabla ya kuhama, muhula wa siku nzima hushushwa hadi dakika tano. Hungojwa mpaka siku nzima ya zamani ipite, ili kila akiba iliyotawanyika iwe imeupata muhula mpya. Ndipo namba hubadilishwa. Mashine ya zamani haizimwi siku hiyo; huachwa ikifanya kazi mpaka wageni wa mwisho wahame. Kila kitu kikishatulia, muhula hurudishwa juu. Tumeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu kinachokosekana kwa kawaida si ujuzi, bali mpango wa kuhama ulioandikwa na kutiwa saini. Mkubwa huamua Ijumaa kwamba Jumatatu tuwe tumehama, na fundi hana nafasi ya kushusha lolote.

Vile vile wako wengine wanaoshusha muhula na kuusahau chini. Na hapa tunaligusa jambo la wingu, kama linavyoitwa. Wingu si wingu. Ni majumba makubwa yaliyojaa mashine, mengi yakiwa Marekani na Ulaya, ambayo makampuni kama Amazon, Google na Microsoft huyakodisha kwa saa na kwa matumizi. Makampuni hayo hukodisha pia kazi ya ukarani wa majina. Huduma ya Amazon ya kazi hiyo ilianzishwa mwaka 2010, na hutoza kwa idadi ya maswali yanayoulizwa. Kule kwao mashine huzaliwa na kufa kila dakika, kwa hiyo wamezoea mihula mifupi, ya dakika tano au hata ya dakika moja, na mteja asiyesema lolote hujikuta anapewa mazoea yao. Ni mazoea yanayowafaa wao. Kwa mtu wa Sikonge au Micheweni, muhula wa dakika moja maana yake ni kwamba kila baada ya dakika moja swali lake lazima lifungwe safari upya mpaka kwa karani alipo, na ofisi ya huku hulipa kwa fedha za kigeni gharama ya maswali yaliyoongezeka bila faida. Ofisi ambayo namba yake haibadiliki kwa miaka miwili ina sababu gani ya kuandika dakika moja?

Hatusemi kwamba wingu ni haramu. Mashine za makampuni hayo zinalindwa na watu wengi kuliko tunaoweza kuwaajiri, na zina umeme wa akiba juu ya umeme wa akiba. Ofisi ndogo inayoweka seva yake chini ya meza, mlinzi akichomoa waya ili achaji simu, haina la kujivunia mbele ya Amazon. Lakini mkubwa naye huanguka, na anapoanguka hutikisa nchi nyingi.

Mfano ulio karibu ni wa tarehe 20 Oktoba 2025. Asubuhi ya siku hiyo kwa saa za kwetu, kabla ya kutimia saa 4, majumba ya Amazon yaliyo Virginia yalianza kutoa makosa. Benki za Uingereza zikasimama, michezo na mitandao ya watu mamilioni ikasimama. Bomu halikupigwa wala waya haukukatwa. Lilikuwa ni daftari la majina. Kampuni ina programu inayotayarisha mipango ya namba, na programu nyingine kadhaa zinazoichukua mipango hiyo na kuiandika daftarini. Moja kati ya hizo ilichelewa. Ilipofika, ilikuja na mpango wa zamani na kuuandika juu ya mpya. Wakati huo huo nyingine, ambayo ilikwisha kumaliza kazi yake, ilianza kufagia mipango iliyopitwa na wakati, ikaukuta ule wa zamani, ikaufuta. Kurasa ikabaki tupu: jina lipo, namba hakuna. Yeyote aliyewahi kufanya kazi katika masijala anaijua ajali hii. Tarishi aliyechelewa analeta waraka uliokwisha kutenguliwa, karani anaubandika juu ya mpya, na mwenzake anayesafisha makabati anauchoma kwa kuwa tarehe yake imepita.

Ilibidi binadamu waingie kwa mikono yao. Saa 6 na dakika 25 mchana kwa saa za kwetu daftari lilikuwa limesahihishwa. Hata hivyo wateja hawakupona wote papo hapo. Walipona kidogo kidogo hadi yapata saa 6 na dakika 40, kadiri akiba za majibu mabovu zilivyokuwa zikiisha muhula wake. Athari nyingine za kukatika kule zilivuta hadi usiku wa manane. Wasomaji wetu watakumbuka pia jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, pale Facebook na WhatsApp zilipotoweka kwa muda wa saa sita hivi. Hapo nako amri moja ya matengenezo iliyokosewa iliikata njia ya ndani ya kampuni, na makarani wake wa majina, kwa kuona kwamba hawaifikii nyumba yao wenyewe, wakajiondoa barabarani wote kwa pamoja. Kila karani alikuwa chini ya dari moja.

Kuna mwongozo wa kimataifa wa mwaka 1997 unaosema kwamba madaftari ya jina moja yawekwe mahali pawili au zaidi palipo mbali mbali, pasipotegemea njia moja wala umeme mmoja. Ni maneno ya zamani, wala hayahitaji kamati ya kuyachambua. Waliokuwa Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu ya giza baada ya kuharibika kwa waya wa umeme uliopita chini ya bahari, wanajua bila ya kusoma mwongozo wowote maana ya kisiwa kizima kuning'inia kwenye uzi mmoja. Mashine za kusaga zilisimama, maji yalikosa kupandishwa, na mafuta ya jenereta yakawa ndiyo mazungumzo ya barazani.

Tarehe 12 Mei 2024 uzi mwingine ulikatika. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na mawasiliano ya Tanzania na nchi jirani yakadhoofika vibaya kwa siku kadhaa. Tunaomba watendaji walitafakari jambo moja kuhusu siku zile. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaopita Tabora haukuwa umekatika. Mashine nyingi za Serikali zilikuwa ndani ya nchi, nzima, zikiwaka. Lakini mtu aliyeko Tabora anayeitaka ofisi iliyoko Dodoma hupata njia pale tu anapopata namba, na ikiwa karani pekee anayeijua namba hiyo yuko ng'ambo, ng'ambo ile ya tatu tuliyoitaja mwanzo, basi safari ya Tabora kwenda Dodoma imegeuzwa kuwa safari ya kuvuka bahari mara mbili. Mkongo ukikatika, majirani wawili hawajuani. Ni kama kwamba mtu wa Ng'ambo ya Tabora, ili aelezwe nyumba ya mwenzake wa kata ya pili, ampelekee swali balozi aliyeko London.

Kwa hiyo muhula mrefu wa akiba, ambao mafundi wa mijini huuona ni uzembe, kwa watu wa mwisho wa njia ni chakula cha siku ya mvua. Jibu lililohifadhiwa Tabora kwa siku nzima linaweza kuvuka nalo siku ya kukatika. Jibu la dakika moja hufa baada ya dakika moja. Aidha tangu mwaka 2020 upo utaratibu unaoziruhusu mashine za makampuni ya simu, pindi zinapomkosa karani mwenyewe, kuendelea kwa muda kutoa jibu lililokwisha muhula kuliko kumwambia mwananchi hakuna. Tunayasihi makampuni yanayowahudumia wananchi wa Visiwani na wa mikoa ya magharibi yauwashe utaratibu huo, kama bado hayajauwasha. Jibu lililochacha kidogo, kwa siku moja ya dhiki, ni afadhali kuliko nyumba iliyofungwa. Nasi tunasema hivyo huku tukiikumbuka Kazeh.

Baada ya haya yote linabaki swali ambalo ndilo linalotukera zaidi, nalo halina ufundi ndani yake. Ufunguo wa daftari uko mkononi mwa nani?

Mambo huenda hivi. Ofisi inataka tovuti. Anaitwa kijana hodari au kampuni ndogo, anaandikisha jina kwa barua-pepe yake mwenyewe, analipia kwa kadi yake mwenyewe, anafungua hesabu katika wingu kwa namba ya simu yake mwenyewe. Tovuti inazinduliwa, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Baada ya miaka miwili kijana amepata kazi nyingine, au ofisi imegombana na kampuni juu ya malipo, au simu imepotea. Siku ya kulipia jina inafika, onyo linapelekwa kwenye barua-pepe isiyosomwa na mtu, na jina linakatika. Au namba inahitaji kubadilishwa kwa haraka na hapana awezaye kuingia. Ofisi ya umma inajikuta inabisha hodi kwa mtu binafsi, ikiomba ruhusa ya kutumia jina lake yenyewe. Hatuwezi kumlaumu kijana. Yeye alifanya aliloombwa, na pengine hata fedha zake hakurudishiwa.

Serikali yetu haikosi vyombo. Majina ya tz yako chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano. Sheria ya Serikali Mtandao ilitungwa mwaka 2019 na kuipa Mamlaka yake nguvu juu ya mifumo ya ofisi za umma, na Zanzibar nayo inayo Mamlaka ya Serikali Mtandao ya kwake. Vyombo hivyo haviwezi kuingia kila kabati la kila halmashauri, lakini vinaweza kuuliza, na anayeulizwa hujiandaa. Tungependa viulize.

Wako watakaosema kuwa ofisi ndogo za wilaya hazina wataalamu wa kutosha wa kuweka madaftari mawili. Tunajibu kwamba daftari la pili si mashine ya kununuliwa; yatosha ofisi moja kumuomba mwenzake wa ndani ya nchi, chuo au wakala wa Serikali, aweke nakala inayojisahihisha yenyewe kila ya kwanza inapobadilika. La kwanza likiwa katika wingu la Ireland au Cape Town, la pili na liwe Dar es Salaam au Dodoma, na kinyume chake. Hii ndiyo maana ya kujitegemea katika jambo hili: hatumfukuzi mgeni nyumbani, ila hatumwachii funguo zote.

Katika ofisi za Serikali kuna desturi nzuri ya makabidhiano. Mkuu anayehamishwa hukaa na anayempokea, wakapitia hati: mhuri, funguo za kasha, magari na hali ya matairi yake, majalada ya siri, viti na meza mpaka kile kiti kilichovunjika mguu. Kila kitu huandikwa na wote wawili hutia saini. Tumepata kuona hati za namna hiyo zenye kurasa kumi na zaidi, ndani yake kukiwa na idadi ya vibao vya kuandikia, wala jina la ofisi katika intaneti halimo. Tunaomba makatibu tawala wa mikoa, wakurugenzi wa halmashauri na makatibu wakuu wa wizara za pande zote mbili za Muungano waongeze ukurasa mmoja tu katika hati hiyo. Uandikwe jina la kikoa na tarehe ya kulilipia tena. Waandikwe watumishi wawili wenye ufunguo, kwa vyeo vyao vya kazi. Yaandikwe mahali madaftari yote mawili yalipo, na muhula wa kila jibu kwa sekunde. Na anayepokea, kabla ya kutia saini yake, aufungue mlango huo kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya anayeondoka, kama anavyoujaribu ufunguo wa kasha.